Mahindi Yenye Kelele

Kisu kilishuka kando ya gunzi, na punje zikaanguka zikiwa zimeshikana safu kwa safu. Mpishi akaligeuza gunzi kidogo, akashusha tena. Alilisimamisha ndani ya bakuli pana ili punje zisirukie sakafuni, na kila alipomaliza kulikata alilipitishia mgongo wa kisu kukamua maziwa yaliyobaki. Maziwa hayo ndiyo huifanya salsa, ile kachumbari ya mahindi, ishikane badala ya kuchuruzika. Watu wengi huyatupa pamoja na gunzi, naye hakuwalaumu, maana hata yeye aliyatupa kwa muda mrefu kabla mkono wake haujateleza siku moja ukamfundisha.

"Mahindi ya safari hii yamejaa," alisema mama mkwe wake.

Bibi huyo alikuwa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango wa jikoni, sinia magotini, akichambua majani ya kotimiri. Aliyatazama jani moja moja kama anayetafuta mtu anayemfahamu.

"Yamejaa, Mama. Matamu hata kabla ya kuona moto."

Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusema. Ukweli ni kwamba alikuwa ametafuna punje chache tangu aanze kazi, na mdomoni mwake hazikuwa na tofauti na vipande vya mshumaa.

Hali hiyo ilianza na homa. Homa ilikuja, ikamlaza, na ilipoondoka ikaondoka na pua yake, kama mgeni anayefungasha hadi taulo la mwenyeji. Harufu zote zilikwisha: kitunguu, sabuni, mvua, shati la mumewe likitoka kupigwa pasi. Ulimi nao ulibakiwa na mambo machache, tena kwa mbali. Chumvi aliisikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Pilipili hakuigusa kabisa. Aliiogopa kwa sababu asingeweza kuipima, akaiondoa kwenye chakula cha nyumbani na kusema tumbo la Mama linahitaji kupumzishwa. Mama hakupinga, ingawa tumbo lake halikuwa na kasoro yoyote.

Hakumwambia mtu. Alisema ni mafua ya kawaida, yatapita. Halafu yakawa hayapiti, na kadiri siku zilivyosogea ndivyo neno lenyewe lilivyozidi kuwa zito kulitamka. Yeye alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Wafanyakazi walimpa jina la Upawa, kwanza kwa sababu hakuonekana bila upawa mkononi, na pili kwa sababu mbishi yeyote akinyooshewa upawa ule alirudi mwisho wa foleni bila neno. Salsa ya mahindi ilikuwa yake. Aliwahi kuona picha kwenye karatasi ya kopo la mahindi, akauliza huku na huku, akakosea, akarekebisha, mpaka ikawa na mwendo wake mwenyewe: utamu unatangulia, ukali unafuata, halafu utamu unarudi kuomba radhi. Nyumbani Mama mkwe aliiita mahindi yenye kelele.

Likizo yake ya ugonjwa ilikuwa inaisha. Jumatatu alitakiwa kazini. Kwa hiyo Jumamosi hii alikuwa amejiwekea mtihani wake wa siri. Angetengeneza salsa kwa mikono na kumbukumbu tu, aiweke mezani bila kusema kitu, kisha amtazame wifi yake akila. Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa msusi na alikaa mlango wa pili. Mdomo wake haukuwahi kumficha mtu jambo. Hata mteja akiwa na upara unaoanza aliambiwa palepale kiti kikiwa bado hakijapata joto. Wifi akila kimya, mpishi angerudi kantini Jumatatu. Wifi akikunja uso, aproni ingekunjwa pia, na upawa apewe yule mpishi msaidizi aliyekuwa anaushika kwa sasa.

Alimwaga sehemu ya punje kwenye kikaango kikavu. Zamani angesubiri harufu, ile inayofanana na mkate unaoanza kuungua pembeni. Sasa aliinamisha sikio. Punje zilianza kwa kuchemka na kulalamika, maji yao yakakauka, kisha moja ikapasuka, na nyingine. Alizitazama zilivyoshika madoa ya kahawia, akatikisa kikaango, akazima jiko.

Chumba cha mbele cherehani ilinyamaza. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, akatokeza kichwa mlangoni. Sentimita, ule utepe wake wa kupimia, ilikuwa imening'inia shingoni mwake kama kawaida.

"Umezima?"

"Nimezima. Wewe nawe, kila nikigusa jiko uzi wako unakatika."

"Uzi wa siku hizi," alisema Fundi. "Ukiukoholea tu, umekatika." Aliangalia jiko, akaangalia kitasa cha gesi, akarudi kwenye cherehani yake.

Mpishi aliendelea. Kitunguu chekundu alikikata vidogo sana. Macho yake yalitoa machozi, na hilo lilimshangaza, kwamba macho bado yanakijua kitunguu wakati pua imekisahau. Nyanya alizitoa mbegu. Pilipili hoho aliikata mirabamraba inayolingana na punje za mahindi, ili kijiko kikichota kisibague. Alikamua ndimu, akachukua kotimiri kidogo kutoka sinia la Mama akaikatia humo. Kufikia hapo mkono wake ulitembea bila wasiwasi, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa ya macho na vidole.

Wasiwasi ulianza kwenye pilipili kali. Alikata moja, vipete vyembamba kama nyuzi, kwa kisu chake kidogo ambacho hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kukigusa. Akasimama. Zamani angeonja kwenye kiganja na kujua. Sasa aliweka nusu ya ile aliyokata, akaogopa, akatoa kidogo. Sukari akaipima kwa vidole, akaona ni nyingi, akarudisha baadhi kwenye kopo. Chumvi vilevile. Alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kila hatua anaikanyaga mara mbili.

Alipomaliza alionja kwenye kiganja. Ubaridi, unyevu, na ndimu ikinong'ona kwa mbali. Basi.

"Nguo ziko juu, mwanangu," alisema Mama mkwe ghafla. "Na mimi naona wingu."

Mpishi alichungulia dirishani. Wingu lilikuwapo, kweli, ingawa lilikuwa dogo kama leso. Lakini shuka za Mama zilikuwa kwenye kamba juu ya paa la jengo, na si vizuri kumbishia mtu mzima kuhusu shuka zake. Akafunika bakuli kwa kitambaa, akapanda.

Huko juu hakuharakisha. Alianua nguo moja moja, akazikunja palepale, na kila nguo aliyokunja aliisogeza karibu na uso, akavuta pumzi, akaiweka. Hakupata kitu. Alijiambia kwamba salsa ikikataa leo, hatalia mbele ya watu. Atasema tu amechoka kusimama, miguu haitaki tena sakafu ya kantini. Watamwamini. Walikuwa watu wepesi kuamini.

Aliposhuka, jikoni palikuwa kama alivyopaacha. Mama alikuwa kwenye kiti chake, sinia magotini. Cherehani ilikuwa inalia. Kisu chake kidogo kilikuwa pale pale, ncha ikiangalia ukuta. Kulikuwa na kitu kimoja kipya, nacho ni wifi yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma akijipangusa mikono kwenye gauni.

"Nimesikia njaa imeniita kwa jina," alisema wifi. "Nikasema nisiikatalie, maana imetumia adabu."

"Wewe njaa yako ina saa, wifi. Kila nikiepua tu, hodi."

"Ndiyo faida ya kuoa mbali na kukaa karibu. Kaka alioa, mimi nakula."

Fundi aliitwa. Wakasogeza meza ndogo karibu na kiti cha Mama ili asilazimike kuinuka. Mpishi alileta mkate aliokuwa ameukata vipande na kuukausha kwenye kikaango, akaweka bakuli katikati, akafunua. Yeye mwenyewe hakupakua. Ilikuwa desturi yake tangu kantini kwamba mpishi hula wa mwisho, na leo alikuwa na sababu ya ziada. Alisimama akiegemea sinki, mikono ndani ya aproni, akimtazama wifi.

Wifi alichota kwa mkate, akatia mdomoni, akatafuna.

Hakusema kitu.

Alichota tena. Mpishi alikunja ngumi ndani ya aproni kwa furaha. Kimya! Wifi yake, ambaye alikuwa na la kusema hata juu ya maji ya kunywa, alikuwa anakula kimya. Kisha aliona jasho. Lilianzia juu ya mdomo wa wifi, likapanda kwenye paji la uso, na sasa macho yalikuwa yamejaa kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba.

"Vipi, wifi?"

"Nzuri," alisema wifi kwa sauti nyembamba isiyo yake.

Mpishi akamgeukia Fundi. Fundi alikuwa anatazama dari kwa makini, kana kwamba ameombwa kulishonea pazia. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mama naye alikuwa amefumba macho, akitafuna polepole sana, na mkono wake ulikuwa unatafuta glasi ya maji bila yeye kuonekana kuutuma.

"Mama, imekuwasha?"

"Hata. Imekaa vizuri. Imechangamka."

"Fundi?"

"Safi kabisa," alisema Fundi, akakohoa mpaka sentimita ikadondoka.

Mpishi alilivuta bakuli. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, na sasa alitazama. Salsa ilikuwa na maji mengi kuliko alivyoiacha. Kitunguu hakitoi maji kiasi kile kwa muda mfupi isipokuwa kimemwagiwa sukari. Ukingoni, juu ya punje, kulikuwa na vumbi jekundu lililokuwa bado halijalowa. Yeye hakutumia pilipili ya unga. Halafu akaona vipande vya pilipili mbichi. Vyake vilikuwa vipete vyembamba kama nyuzi. Humu mlikuwa na vipande vingine, vinene, vya pembetatu, kingo zake zimebanwa kidogo mahali ambapo makali mawili yalikutana. Alikiinua kimoja kwa ncha ya kijiko. Kilikuwa kimeburuta uzi mfupi wa bluu.

Aliushika uzi, akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi," alisema, "uzi huu unatoka kwenye nguo ya nani?"

Fundi alijipapasa mfuko wa shati, mahali mkasi wake ulipokaa. "Sare za shule," alisema kwa unyonge. "Sketi."

"Sketi imeingiaje kwenye salsa?"

"Si sketi. Uzi tu."

"Umekata pilipili kwa mkasi wa kushonea?"

"Ningefanyaje, mke wangu? Nilionja, haikuwasha. Kisu chako nikikisogeza ukucha mmoja, unajua. Nikaona mkasi ndio wangu, hauulizwi."

Wifi alicheka, ukali ukamkamata koo, akaanza kupiga meza kwa kiganja akiomba maji. Alipokunywa na kupumua, alimnyooshea kaka yake kidole. "Kumbe ni wewe. Mimi nikafikiri mkono wangu ndio umezidi. Nimekaa hapa nakula kesi yangu kimyakimya."

"Mkono wako?" aliuliza mpishi.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile, mpishi alimwona wifi yake akitafuta neno na kulikosa.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani, wifi?" alijaribu.

"Imenunuliwa na mimi, imepikwa na mimi. Sema."

"Haya. Nilipita hapa nikakuta kiti cha Mama kitupu, nikaonja. Ilikuwa tamu, tamu ile ya kumpa mtoto dawa. Nikarudi nyumbani nikachukua kikopo changu, nikanyunyiza kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo cha kwangu."

"Na ilikuwa tamu kwa nini?" alisema mpishi, ingawa alikuwa ameshaanza kugeuka. Mama mkwe alikuwa ameinamia kotimiri, ambayo ilikuwa imekwisha chambuliwa tangu zamani.

"Ilikuwa chachu ya ndimu, mwanangu," alisema Mama bila kuinua kichwa. "Tena inauma ulimi. Nilikwenda chumbani kidogo, sikujua mtoto wangu amepita na mikasi yake. Nikatia sukari. Nikaonja, sikuisikia, nikatia tena, nikaenda kunawa."

"Haikuwa imeyeyuka, Mama."

"Sasa najua."

"Na wingu je?"

"Wingu lilikuwapo," alisema Mama. "Sikusema litanyesha."

Fundi alijaribu kucheka, akaona mkewe hacheki, akaacha. Mpishi alikuwa ameushika ule uzi wa bluu, akiuzungusha kwenye kidole. Mtihani wake ulikuwa umekwisha, na hakuwa amefaulu wala kufeli. Ulikuwa umefanywa na watu wengine. Wifi hakula kimya kwa sababu chakula kilikuwa sawa. Kila mmoja alikula kimya kwa sababu alidhani kosa ni lake.

"Kwa hiyo mlijua," alisema.

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye ukumbi wa jengo.

"Tangu siku ya maziwa," alisema Mama hatimaye. "Yalipoungua, wewe ukiwa umesimama juu yake unaniuliza kama nataka chai. Moshi ukafika mpaka chumbani kwangu. Nikajua mwanangu hanusi."

"Hukusema."

"Nawe hukusema. Nikaona mwenye jambo ana haki ya kulishika mpaka mkono uchoke. Nikahamisha kiti changu."

Mpishi alikitazama kile kiti kifupi karibu na mlango. Miezi yote hii aliamini Mama anatafuta joto la jikoni, au mtu wa kuongea naye. Alikuwa amemwonea huruma kwa upweke. Kumbe bibi yule alikuwa amekaa pale kazini, pua yake imetangulia mbele, akilinda sufuria.

"Na uzi unaokatika kila nikiwasha jiko?" alimuuliza mumewe.

"Uzi ni mzima," alisema Fundi. "Nilikuwa naogopa gesi. Siku moja ulikiacha kitasa wazi. Nilikifunga, nikafungua madirisha, ukaniuliza kwa nini nakaribisha mbu."

Mpishi aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amemgombeza. Wifi akasafisha koo.

"Na mimi njaa yangu haina saa, wifi, kama ulidhani. Nina chakula kwangu. Ila nilisema, mtu wa kuonja anahitajika hapa, na kati ya hawa wawili mmoja ni mwanamume na mwingine ni mama yake, watakusifia hata maji ya moto. Kila nilipokuja nikasema supu imepoa, lete chumvi nichangamke, hukuona?"

"Niliona. Nikasema wifi yangu ana ulafi na adabu hana."

"Vyote viwili ninavyo. Lakini siku hizo nilikuwa kazini."

Mpishi alitaka kukasirika kidogo, maana hasira ingemsaidia kusimama. Alikuwa amefichwa jambo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini kila alipoitafuta hasira alikikuta kile kiti kifupi, na mkono wa Fundi kwenye kitasa cha gesi, na wifi akiacha chakula chake kipoe kwake ili aje kuomba chumvi kwa mwenzake. Akavuta kigoda akaketi.

"Mniache kwanza nile," alisema. "Nimesimama tangu asubuhi."

"Usile hiyo," alisema Fundi. "Hiyo ni ya kumwaga. Manahodha tulikuwa wengi, chombo kimekwenda mrama."

Hakumsikiliza. Alichota kijiko kizima, si cha kuonjea bali cha kulia, akakitia mdomoni kama anayemeza adhabu.

Mwanzoni hapakuwa na kitu, ule ubaridi tu. Kisha utamu ukaja. Haukuwa wa chumba cha pili. Ulifungua mlango ukaingia, ukamwagika kila upande wa ulimi. Na kabla hajaelewa umetoka wapi, moto ukapanda nyuma yake. Ulishika ncha ya ulimi, midomo, kaakaa, ukashuka kooni, ukarudi juu mpaka nyuma ya macho. Pua yake, iliyokuwa imekufa, ikaanza kuchuruzika. Masikio yakavuma. Alifungua kinywa kuvuta hewa, na hewa yenyewe ilikuwa na ladha ya moto, halafu utamu ukarudi polepole, umechelewa, kuomba radhi.

Aliweka kijiko chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Nilikuambia usile," alisema Fundi, ameshainuka. "Maji. Mpe maji."

"Usilete maji," alisema mpishi. "Kaa."

Akachota tena.

Wote watatu walimtazama akila. Alikula kama mtu anayesoma barua ya mpendwa, anasimama, anarudi nyuma, anaendelea. Punje za mahindi zilipasuka chini ya meno, na kila iliyopasuka ilitoa utamu wake mdogo juu ya ule mkubwa. Harufu hakuipata. Kotimiri haikuwapo mdomoni mwake, wala kitunguu, wala ule moshi wa kikaango. Lakini viwili hivi vilikuwapo, na hakuwa amekutana navyo tangu homa, kwa sababu kwa woga wake alikuwa amevifungia nje.

"Inasikika," alisema. Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, yana kelele. Nayasikia."

Mama mkwe aliweka sinia sakafuni. Aliunyoosha mkono wake mkavu akaushika wa mkwewe uliokuwa umelowa ndimu, akabaki ameushika. Wifi alijipangusa macho, akadai ni pilipili.

Baada ya muda mpishi aliwaambia kuhusu mtihani. Aliwaambia juu ya Jumatatu na aproni, na jinsi alivyopanga kusema miguu imechoka. Aliongea taratibu, bila kujihurumia, kama anayeeleza namna chungu kilivyopasuka.

"Kwa hiyo bado sijui," alimaliza. "Leo nilitaka kujua kama naweza. Nimejua kwamba mimi ni mzito wa ndimu na mwoga wa chumvi. Wale ni watu wengi, wanafanya kazi ngumu, na siku yao ina mlo mmoja wa kutazamia. Siwezi kuwapa ubahatishaji."

Fundi alikuwa anaufuta mkasi wake kwa pindo la shati. "Mimi naomba kuuliza," alisema. "Nimeshona magauni tangu ujana. Umewahi kuniona nimevaa gauni?"

"Muulize Mama ulipokuwa mdogo," alisema wifi.

"Wewe nyamaza. Sijawahi kuvaa gauni. Sijui linabana vipi kwapani. Mwenye gauni ndiye huniambia, naye akisema, mimi ndiye najua nifumue wapi. Yeye akipewa mkasi ataharibu kitambaa."

"Kama ulivyoharibu pilipili."

"Kama nilivyoharibu pilipili," alikubali Fundi.

Mpishi aliyatafakari maneno hayo. Alimfikiria yule msaidizi wake kantini, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye siku zote alionja vizuri ila hakujua afanye nini na alichokionja. Alimfikiria mpishi mkuu wa kantini, mtu mkali ambaye yeye hakuwahi kumwona akidhulumu. Pengine angesema hapana. Pengine angesema tuone. Lakini angeambiwa ukweli na yeye mwenyewe Upawa, asubuhi, kabla sufuria hazijapanda jikoni, na si vinginevyo.

"Nitakwenda Jumatatu," alisema. "Nitamwambia mpishi mkuu pua imekwenda, mikono iko, na mdomo naomba niazimwe. Akikataa, nitakuwa nimekataliwa mimi, si uongo wangu."

"Usiende mikono mitupu," alisema Mama. "Mpelekee haya mahindi."

"Haya? Mama, haya yatamlaza hospitali."

"Si haya. Mengine. Yale uliyobakiza."

Kwenye kona, chini ya sinki, mahindi yaliyobaki yalikuwa bado ndani ya maganda yao ya kijani, nywele zao zimetoka nje. Mpishi alikuwa amenunua mengi kwa woga, asije akaharibu ya kwanza akakosa ya pili. Aliinuka, akachukua moja, akalimenya mpaka katikati. Punje zilikuwa zimepangana bila pengo. Akachukua kisu, akakiangalia, akakirudisha mahali pake, ncha ukutani.

"Kesho," alisema. "Leo mikono imechoka, na ninyi ndimi zenu zimeungua, hamfai kwa ushahidi. Kesho nakata mimi. Mama utakaa na kikaango, uniambie kinaponukia mkate. Wifi utaonja, na useme kwa sauti."

"Hilo tu ndilo nililosomea," alisema wifi. "Lakini leo nabeba sehemu ya hii. Mume wangu amekuwa na maneno mengi wiki hii."

"Na mimi?" aliuliza Fundi.

"Wewe utaonja wa mwisho. Na mkasi ubaki chumba cha mbele."

Wifi alipakua sehemu yake kwenye kibakuli, akatoka kwa mlango wa nyuma akicheka peke yake. Fundi alirudi kwenye sketi zake. Mpishi alilowesha kitambaa, akakikamua, akayafunika mahindi na lile moja lililomenywa nusu juu yake. Kisha akajipakulia kijiko kingine kutoka kitakoni mwa bakuli, kwenye maji yale matamu makali, akaketi sakafuni karibu na kiti kifupi, bega lake likigusa goti la Mama. Chumba cha mbele cherehani ilianza kulia, na safari hii haikukatika.